Babu, Mashine na Shikamoo Yangu

Nikipita mahali popote panaposagwa mahindi, ile harufu ya unga wa moto uliochanganyika na moshi wa dizeli hunikaba koo, na kabla sijasogea hatua tano huwa nimeshanuna. Wa rika langu mtanielewa. Siku hizi mashine nyingi zinakwenda kwa umeme, zinanguruma kistaarabu, lakini sisi tulikulia kwenye zile za kuwashwa kwa hendeli, zilizokohoa mpaka kuku wakahama uwanja. Babu yangu mzaa mama alikuwa na mashine ya namna hiyo kijijini Mpui, na kwa sehemu kubwa ya maisha yangu niliamini kwamba alinikataa. Hakunikataa kwa maneno. Alikaa kimya kila nilipomwamkia, na siku nilipomwita saa ya hatari, alilala chini mguu umevunjika akawaambia watu kwamba sikumwita. Ukweli niliujua nikiwa mtu mzima, mwenye kazi yangu na mdomo wangu, na mpaka leo sijamaliza kushtuka.

Nililetwa Mpui nikiwa na miaka sita ili nianze shule. Baba yangu ni Msukuma, na wakati huo alikuwa akichunga ng'ombe bondeni, kule chini kwenye joto la Ziwa Rukwa, ambako shule ilikuwa mbali kuliko miguu ya mtoto. Mama ni Mfipa. Kwa kuokotaokota maneno ya watu wazima nilikuwa nimeshajua kwamba ndoa yao haikumfurahisha babu, na kwamba siku ya kuja kuposa kulikuwa na mtu aliyeondoka bila kumaliza togwa yake. Ni nani na kwa nini, hilo sikuliokota. Mama alinifunga kitenge kifuani, akanikalisha kwenye tela la magunia lililokuwa likipanda Mpui, akaniinamia.

"Kabula, sikiliza. Babu ukimwona tu, mwamkie. Kabla ya kitu kingine chochote. Asije akasema binti wa Msukuma hana adabu. Umenielewa?"

Nilielewa kuliko alivyokusudia. Njia nzima ya kupanda mlima nilikuwa nikiirudia ile shikamoo mdomoni, kama mtu aliyetumwa dukani anayeogopa kusahau alichotumwa. Tulipofika juu upepo wa Ufipa ulinipiga usoni, baridi ambayo sikuwahi kuijua, na masikio yakaanza kuuma. Nilikuta mashine inanguruma. Nikajiambia, subiri, sasa hivi hatakusikia. Nilisimama mlangoni mpaka foleni ya akina mama ikaisha, mpaka babu akazima injini na ukimya ukarudi. Nawaomba mlikumbuke hilo, kwamba nilisubiri ukimya.

Babu alikuwa amenipa mgongo, anafungua kichwa cha mashine ili abadilishe chekeche, ile bati yenye matundu inayoamua unga utoke laini au wa chengachenga. Ya matundu madogo ni ya ugali, ya matundu makubwa ni ya chakula cha kuku. Alikuwa mtu mrefu, koti zito la kijivu limekuwa jeupe kwa vumbi la unga. Nikasema, "Shikamoo babu." Kimya. Nikakohoa kidogo, nikasema tena, kwa sauti yangu yote, "Shikamoo babu!" Akaligonga chekeche ukutani, unga ukaanguka. Kisha akageuka akaniona. Akanitazama kwa muda mrefu, nyusi juu, kama mtu anayengoja kitu. Mimi nilikuwa nimeshasema mara mbili, nikafunga mdomo. Uso wake ukakunjamana, akarudi kwenye chekeche lake.

Hivyo ndivyo tulivyofahamiana. Sidhani kama mtoto aliyezaliwa katika nchi hii anahitaji kuelezwa maana ya shikamoo isiyojibiwa. Mkubwa akikupiga, umekosea na mambo yameisha. Mkubwa asipoitikia, hana haja na wewe duniani. Jioni ile nilikula ugali wa ulezi nikiwa nimetazama ukuta, na bibi aliponiuliza kwa ile sauti yake nene ya kukwaruza kama ninaumwa, nikamwambia ni baridi.

Binamu yangu Vero, aliyeishi pale pale nyumbani na kunizidi miaka miwili, ndiye aliyenimaliza kabisa. Asubuhi alikwenda mbele ya babu, akapiga magoti, akavikunja viganja vyake na kuvigonganisha taratibu, du, du, du, kama Wafipa wanavyofanya, na babu akaitikia mara moja, tena akatabasamu. "Aa, mke wangu! Umeamka?" Mke wangu. Wajukuu wa kike wote wa dunia hii huitwa mke wangu na babu zao. Mimi nikabaki nimesimama kando kama mjane.

Bibi alinifundisha na mimi nipige makofi. Nilijaribu, lakini sikuvikunja viganja. Nilivipiga bapa kwa bapa, pa pa pa, na Vero na wenzake wakaanguka chini kwa kicheko wakisema ninafukuza kuku. Basi. Mimi ni mtu wa kununa, nadhani nilizaliwa nimenuna, na siku hiyo niliapa sitapiga tena makofi mbele ya mtu yeyote mpaka nife. Niliendelea kwa mdomo tu. Kila asubuhi, nikiwa nimesimama mahali nilipo, pengine nyuma yake, pengine ubavuni, nilisema shikamoo babu na kuhesabu mpaka kumi. Hakuna siku niliyojibiwa.

Kilichonikata maini zaidi ni kwamba mzee yule alikuwa na masikio ya ajabu, na kijiji kizima kilijua. Tukiwa tumekaa uwanjani angeinua kidole na kusema, "Kuna lori linapanda." Sisi hatusikii kitu. Tungengoja, tungengoja, na kweli, baadaye kabisa lori lingetokea kwenye kona likiwa na vumbi lake. Radi ikiwa bado iko bondeni kwa baba yangu, babu alikuwa ameshatandika turubai juu ya mahindi. Mashine yake ikibadilisha mlio kidogo tu, aliamka kitini. Wanaume wakimwita kutoka upande wa pili wa shamba, aligeuka. Sasa niambieni, mtu anayesikia lori lililoko chini ya mlima atashindwaje kunisikia mimi niliyesimama hatua tatu kutoka kwake? Nilikuwa mtoto, lakini hesabu hiyo niliiweza.

Ushahidi wa mwisho niliupata mwenyewe, kwa mchezo. Nilipenda kuingiza kichwa kwenye debe tupu na kuongea humo, kwa sababu sauti yangu nyembamba kama ya mbu iliingia humo ikatoka nene, yenye tumbo. Siku moja, babu akipita karibu, niliita humo ndani kwa utani, "Babuu!" Akasimama. Akageuka. Akatazama huku na huku akitafuta mwitaji, mpaka macho yake yakatua juu yangu, nimekaa chini na debe kichwani. Niliona uso wake umefunguka. Mimi nikalitupa debe nikatimua mbio, kwa sababu nilikuwa nimegundua jambo baya kuliko yote: ameitika kwa kuwa hakujua ni mimi. Angemwitikia mtu yeyote, hata debe, isipokuwa mtoto wa Msukuma.

Mavuno ya mwaka uliofuata ndipo lilipotokea lile jambo. Ilikuwa mchana, jua kali la baridi. Mzee Patrisi, jirani yetu, alileta mahindi kwa tela la ng'ombe, magunia yamepangwa mpaka juu. Uwanja wa mashine una mteremko. Aliwafungua ng'ombe akawapeleka kunywa maji, na tela akaliwekea jiwe chini ya gurudumu. Babu alichuchumaa chini ya mteremko, mgongo kwa tela, anapaka grisi puli ya mashine, lile gurudumu la kuzungushia mkanda. Injini ilikuwa imezimwa. Mimi nilikuwa mlangoni ninachambua maharage. Hapakuwa na mtu mwingine.

Nililiona jiwe likiteleza. Halikutoa sauti, kwa sababu uwanja ule ulikuwa umetandikwa pumba za miaka na miaka, unatembea juu yake kama unatembea juu ya godoro. Gurudumu likazunguka kidogo, likasita, likazunguka tena.

"Babu!" nikaita. "Babu, toka!"

Hakugeuka. Kiganja chake kilichojaa grisi kiliendelea kuzunguka juu ya chuma, polepole, kama cha mtu asiye na shida yoyote. Wito wa tatu ulikuwa umeshanifika kooni, nikaumeza. Nakumbuka nilichowaza, neno kwa neno: hata sasa? Hata sasa hutaki kunisikia? Nilikuwa na nafasi ya kuita tena. Nilikuwa na nafasi ya kukimbia nikamvute koti. Nilikaa na maharage yangu mkononi, nikatazama.

Tela lilimpiga na kumbana kwenye ukuta wa mashine. Mlio alioutoa sitausimulia.

Bibi alitoka jikoni, Mzee Patrisi akaja mbio na watu wengine nyuma yake, wakalisukuma tela, wakamlaza babu juu ya magunia matupu. Mguu ulikuwa umekaa vibaya. Mzee Patrisi, nadhani kwa hofu ya jiwe lake, alitafuta wa kumuuliza, akaniona.

"Wewe mtoto si ulikuwa hapo? Hukuliona? Hukumwita babu yako?"

Kabla sijafungua mdomo, babu alisema, meno yameumana, "Hakuniita. Alikuwa kakaa tu hapo. Hajaniita."

Jamani. Nimeshtuka mara nyingi tangu siku ile, nimefiwa, nimeibiwa, lakini sijawahi tena kushtuka vile. Nilimtazama yule mzee anatoka jasho kwenye baridi, nikaona kwamba yuko tayari kuumia hivyo na bado adanganye, ilimradi tu asikubali kwamba mimi nimetamka jina lake. Nilitaka kupiga kelele kwamba nimeita, mara mbili nimeita! Lakini ule wito wa tatu ulikuwa tumboni mwangu, na mimi peke yangu nilijua uko humo. Nikanyamaza. Watu wote walinitazama, na ukimya wangu ukawa jibu.

Kijiji hakikunipiga wala kunitukana. Watu wa kule ni wapole. Ila nikawa yule mtoto aliyetazama. Nilisikia wakisema kisimani, nikisogea wanageuza mazungumzo. Mama alikuja kutoka bondeni, akaniuliza faraghani kama ni kweli, nikamwambia ndiyo, kwa sababu nusu ilikuwa kweli na sikujua jinsi ya kuikata nusu. Mguu wa babu uliunga vibaya. Hakuweza tena kuzungusha hendeli, na mashine ikaangukia mikononi mwa watu wengine, ambao waliiharibu. Mimi tangu siku ile sikumwamkia tena. Niliishi katika nyumba ile mpaka darasa la saba, nikipita mbele yake na ndoo, na daftari, na kuni, mdomo umefungwa. Bibi alikuwa akitupatanisha kwa chakula tu, ananipa sahani nimpelekee, naiweka, naondoka. Kisha nikahamia mjini kusoma sekondari, na Mpui nikarudi kwa misiba na harusi, asubuhi naenda, jioni sipo.

Sasa niwaeleze kazi yangu, maana bila hiyo hapa hapaeleweki. Ninafanya kazi studio, chumba kimoja pale mtaa wa Milanzi, mjini, kuta tumezifunika kwa trei za mayai na mablanketi. Tunarekodi kwaya, matangazo ya maduka, vijana wanaoimba mapenzi ambayo bado hawajayapata. Mwenye studio anaitwa Zeno, kijana wa mjini, mwenye sauti ya besi inayotetemesha meza, na ndiye aliyenifundisha kila kitu. Mwanzoni kabisa, nikiwa sijui hata waya gani unaingia wapi, alinikalisha mbele ya kompyuta anifundishe machujio.

"Sauti yoyote ile ni mchanganyiko, dada," alisema. "Ndani yake mna za chini, za kati na za juu. Chujio linachagua ipi ipite, ipi ibaki."

"Kama chekeche," nikasema.

"Ee, hapo umenipata. Tena yapo ya aina aina."

Akanionyesha. Kuna chujio linalokata besi na kuacha za juu, tunalitumia kuondoa mvumo wa upepo, na mtu anayerekodi nje huku Ufipa hawezi kuishi bila hilo. Kuna linaloacha kipande cha kati tu, na ghafla mwimbaji anaonekana kama anakupigia simu. Kuna linalotoboa tundu moja jembamba, likaondoa mlio mmoja wa umeme na kuiacha sauti iliyobaki ilivyokuwa. Nilicheka kwa furaha, kusema kweli. Nilijiona nimepewa funguo za nyumba niliyokuwa nikichungulia tangu utotoni, tangu enzi za lile debe.

"Na hili la mwisho," Zeno akasema, "linafanya kinyume na lile la kwanza. Linapitisha za chini tu. Vaa hedifoni. Ongea kwenye maiki."

"Niseme nini?"

"Chochote bwana. Amkia watu."

Nikasema, "Shikamoo babu." Sijui kwa nini nilisema babu. Huku nyuma Zeno alikuwa ameacha wimbo wa kwaya unapiga na yeye mwenyewe anaongea, na sote tulikuwa tukipita katika chujio lile. Akaanza kukizungusha kitufe. Kwanza shikamoo yangu ilipoteza makali, ile sh ikafutika, k ikafutika, nikawa kama ninaongea nyuma ya blanketi. Akazungusha zaidi. Nikatoweka. Nilikuwa ninaongea, midomo inacheza, na katika hedifoni simo. Lakini ngoma ya kwaya ilikuwamo. Besi za wanaume zilikuwamo. Zeno alikuwamo, amefifia kidogo tu. Hata lori lililopita barabarani nililisikia likinguruma lote, zima, kama vile linapita kichwani mwangu.

"Umeona? Umekwenda," Zeno akacheka. "Hivi ndivyo mzee wangu anavyosikia. Kapasua mbao na mashine maisha yake yote, makelele yale yakamuulia sauti zote za juu. Mimi ananisikia freshi kabisa. Dada yangu mdogo, mwenye sauti kama yako, hamsikii hata kidogo. Na watu hawaamini kama ni kiziwi, maana lori analisikia likiwa bado liko mbali kule Laela."

Niliivua hedifoni.

"Sema tena," nikamwambia.

"Niseme nini tena?"

"Kuhusu mzee wako. Kuhusu lori."

Alirudia, akaongeza kwamba wapiga mashine wengi huishia hivyo, maseremala, wenye karakana, wasaga nafaka. Alisema wasaga nafaka kama mtu anayetaja siku za wiki. Nikasimama. Aliniuliza kama ninaumwa. Nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi ya duka la jirani, na watu wa Milanzi wakapita na mambo yao, na mimi nikawa ninazirudia zile asubuhi zangu moja moja. Shikamoo mlangoni. Shikamoo mgongoni. Shikamoo na kuhesabu mpaka kumi. Nikalikumbuka debe, na jinsi uso wake ulivyofunguka. Nikamkumbuka Vero na viganja vyake vilivyokunjwa, du, du, du, na mimi na viganja vyangu vya kufukuzia kuku. Halafu nikafika kwenye lile tela, na hapo nikashindwa kuendelea. Hakudanganya. Mzee wa watu hakudanganya! Alisema alichokijua.

Siku ya pili yake nilikwenda Mpui. Niliazima studio kirekodi kidogo cha mkononi na hedifoni. Kirekodi kile kina kitufe cha kukata besi, na nilikuwa nimeshakijaribu usiku kucha kichwani: nikikata za chini zote na kuongeza za juu mpaka mwisho, pengine kitatoboa.

Nilimkuta babu amekaa kwenye kigoda juani, koti limemzidi, mwili umekwisha. Bibi alikuwa kando yake akipepeta ulezi, na aliponiona akaacha ungo, maana haikuwa harusi wala msiba. Nilikwenda mbele ya babu. Nikapiga magoti kwenye vumbi. Kisha nikachukua zile hedifoni nikamvisha. Hakukataa, alinitazama tu kwa yale macho ya kungoja. Nikafungua kirekodi, nikakisogeza mdomoni.

"Shikamoo babu."

Alizing'oa zile hedifoni kwa mikono miwili. Akageuka nyuma, akatazama mlangoni, akatazama kwenye migomba.

"Nani kasema? Nani huyo?"

"Ni huyu," bibi akamwambia kwa sauti yake nene. "Ni Kabula. Anakuamkia."

Akanitazama. Nikamvisha tena. "Ni mimi, babu. Shikamoo."

Nilikaa katika nyumba ya mtu huyu miaka saba, na ndiyo kwanza alikuwa anaisikia sauti yangu.

"Ndiyo sauti yako hii?" akauliza. "Kumbe una kasauti kadogo hivi? Marahaba. Marahaba, marahaba." Akawa anaitikia tu, hakomi, kama anayelipa za siku zote. Halafu akasema, "Mimi nilimuuliza bibi yako. Nilimwambia huyu mtoto kaja kwangu, mwaka unaisha, hajaniamkia hata siku moja. Nikasema ni baba yake kamkataza. Kwa yale maneno yangu ya siku ya posa."

"Aliuliza," bibi akasema taratibu. "Nikamwambia watoto wa siku hizi. Mimi nilikuwa nakusikia ukimwamkia, nikadhani na yeye anasikia, ila hasira zake tu. Mungu anisamehe."

Lakini mimi nilikuwa nimekuja na mzigo, na nilijua kama sitautua hapo hapo nitaondoka nao tena mpaka kaburini. Nikakisogeza kile kirekodi.

"Babu, ile siku ya tela. Mimi nilikuita. Niliita mara mbili, ulikuwa hunisikii. Mimi nikadhani hutaki. Ningeweza kuita ya tatu. Ilikuwa hapa kooni, nikaimeza kwa hasira. Ningeweza kukimbia nikakuvuta. Nilikaa nikatazama, babu. Mguu wako ni mimi."

Nilisema yote, hata lile neno hata sasa. Nilikuwa ninalia, na nadhani kilio changu chote kilimwingia masikioni kikiwa kimeongezwa mpaka mwisho. Nilingoja anilaani. Nilikuwa tayari. Babu alizishika zile hedifoni kwa viganja vyake, akazikandamiza, kama anaogopa zitavuja.

"Uliniita?" akasema.

"Ya tatu nili—"

"Mara ngapi?"

"Mara mbili, babu. Lakini ya tatu—"

Hakuwa ananisikiliza tena. Alikuwa amemgeukia bibi, machozi yanashuka kwenye ndevu nyeupe, na mkono wake umenishika bega kwa nguvu ambayo sikujua kama bado anayo.

"Umesikia, mama Deo?" akamwambia, kwa sauti ya juu kama ya mtu aliyesimama kando ya injini. "Kumbe aliniita! Mara mbili, mtoto huyu. Aliniita mara mbili!"